Kubadilisha mwenyewe mabomba ya chini ya sinki la bafuni: nifanye nini kabla marumaru hazijawekwa?

MkaziWaPasua aliandika:

Wakuu, habari za jioni, na kwa walionizidi umri, shikamooni.

Ninakarabati bafu la nyumba aliyotuachia marehemu baba hapa Moshi, Pasua. Marumaru za zamani zimeshabanduliwa, lipu imegongwa hadi tofali limeonekana, na fundi marumaru ameniahidi kuanza kazi Alhamisi ya wiki ijayo. Fundi bomba niliyekuwa nimepatana naye amepata kazi kubwa nje ya mji. Alinirudishia kianzio changu kiungwana kabisa, akaniacha na ukuta uliochimbuliwa na sinki jipya likiwa bado ndani ya boksi. Baada ya kuwaza kwa siku mbili nimeona kwamba sehemu ya chini ya sinki, yaani bomba la kuleta maji, koki, westi (kile kiungo cha tundu la sinki maji yanakotokea) na trapu (kile kipande kinachobakiza maji kidogo ili harufu isirudi juu), naweza kuifanya mwenyewe, ila sitaki kufanya jambo ambalo mwakani litanilazimu kuvunja marumaru mpya.

Naomba nieleze nilichokikuta. Sinki la zamani lilisimama juu ya mguu wa kauri, na nyuma ya mguu huo kulikuwa na mambo ambayo hakuna aliyeyaona kwa miaka mingi. Maji yaliletwa na bomba la chuma la nusu inchi lililotokeza ukutani bila koki yoyote, likaungwa moja kwa moja na fleksibo, yaani bomba jembamba linalopindika, hadi juu, kiasi kwamba hata kubadilisha washa ya mpira kulitulazimu kupanda kwenye mnara wa tangi kufunga valvu. Maji machafu yalishuka kwa mpira mweupe wenye mikunjo, ule unaovutika, ambao ulichomekwa wima ndani ya bomba la PVC la inchi moja na nusu lililomo sakafuni, na uwazi uliobaki pembeni ukazibwa kwa kitambaa na saruji. Trapu haikuwapo kabisa. Hapo ndipo nilipoielewa harufu iliyokuwa ikitusumbua alfajiri, pamoja na wale mende wadogo waliokuwa wakitembea juu ya miswaki. Mama yangu miaka yote alikishitaki choo, akawa anakimwagia dawa kila Jumamosi, kumbe choo hakikuwa na kosa lolote.

Jana nilikata kipande cha lile bomba la chuma kwa msumeno. Nje linaonekana bomba la nusu inchi kama mabomba mengine, lakini ndani kutu imejijenga tabaka juu ya tabaka hadi tundu lililobaki halipitishi kalamu ya kawaida. Nimekiweka kipande hicho dirishani na kila anayepita anakishika na kuguna.

Maswali yangu ni haya. Je, sehemu ya chuma iliyobaki ukutani inafaa kuungwa na bomba jipya, au niing'oe yote? Sinki jipya litakaa juu ya kabati lenye droo mbili: nitumie trapu ya namna gani, na je, naweza kuiacha ishuke kwenye bomba lile lile la sakafuni? Thredi tepu na silikoni zinatumika wapi, maana kila ninayemuuliza dukani ananijibu tofauti? Na kubwa kuliko yote, nitajuaje kwamba viungo vya ukutani havivuji kabla fundi marumaru hajavifunika? Vifaa nilivyonavyo ni drili, msumeno wa chuma, rula ya maji na ile spana ambayo mafundi wameipa jina la spana malaya. Mimi ni mwalimu wa hesabu, si fundi, lakini kazi ya mikono siiogopi.

FundiWaNjoro alijibu:

Mwalimu, pole na hongera kwa pamoja. Nilisomea ufundi bomba chuo cha ufundi cha VETA hapa hapa Moshi na kazi hii ndiyo inayonilisha, kwa hiyo ungetarajia nikuambie utafute fundi kwa kila kitu, lakini sitafanya hivyo. Mimi huigawa kazi ya namna hii kwa swali moja: kiungo hiki kikivuja, je, nitakiona na kukifikia kwa mkono? Kama kimo ndani ya kabati, kifunge mwenyewe, kwa sababu kosa lake litakugharimu ndoo na tambara. Kama kitakuwa nyuma ya marumaru, kifungwe na anayejua, au ukifunge wewe huku anayejua amesimama pembeni, na kisifunikwe kabla hakijapimwa.

Kipande chako cha chuma kimeshajibu swali la kwanza. Bomba lililofikia hali hiyo sehemu moja halikosi kuwa hivyo hivyo sehemu nyingine, na hata thredi zake, yaani mifereji ya kukazia, zimeliwa. Ukijaribu kufunga kiungo kipya juu yake, ama thredi itakatikia ndani ya elbo (kiungo cha kona) iliyomo ukutani, ama utaizungusha elbo yenyewe na kulegeza kiungo kingine usichokiona, nusu mita mbali. Lifuate bomba hilo hadi linapoingia ukutani kutoka nje, au hadi linapokutana na bomba linaloshuka kutoka kwenye tangi, ulikate huko na kuweka PPR mpya, yaani bomba la plastiki ngumu, njia nzima. Unapofungua kiungo cha mwisho cha chuma utakachokibakiza, tumia spana mbili: moja ishike bomba linalobaki, nyingine ifungue. Ukuta umeshachimbuliwa, na gharama iliyokuwa kubwa, yaani ile ya kubomoa, umekwisha kuilipa.

PPR haiungwi kwa gundi, inachomwa kwa mashine, na mashine hizo zinakodishwa. Hiyo ndiyo sehemu ambayo ningekushauri umlipe fundi kwa nusu siku. Ukitaka kuifanya mwenyewe, nunua mita mbili za ziada za bomba na soketi chache za bei nafuu ufanyie mazoezi kwanza. Bomba la milimita 20, ambalo ndilo linalochukua nafasi ya lile la nusu inchi, huchomwa kwa nyuzi 260 za Selsiasi kwa muda wa sekunde 5 hivi, kisha husukumwa moja kwa moja bila kulizungusha, nawe ukalishika likiwa limenyooka hadi ligande, na usilitie nguvu kwa dakika mbili. Kosa la wanaoanza si kuchoma kidogo, bali ni kuchoma mno na kusukuma mno: plastiki iliyoyeyuka inajikunja kwa ndani na kuziba tundu. Kwa nje kiungo kinapendeza, lakini kwa ndani utakuwa umejitengenezea kutu ya plastiki kama ile ya dirishani kwako. Pasua kiungo chako kimoja cha mazoezi kwa msumeno utazame ndani, utaelewa ninachokisema.

Kuhusu bomba la sakafuni, tafadhali usiliache likae hivyo. Trapu inayotoa maji yake wima kuelekea sakafuni ina ugonjwa wake: sinki likijaa na ukaliachia kwa mara moja, maji yanayoshuka yanavuta nyuma yao yale yaliyopaswa kubaki ndani ya trapu, nalo sinki hukoroma mwishoni kama mtu aliyelala chali. Ukisikia mkoromo huo, ujue kizuizi cha harufu kimekwenda na maji. Wakati ukuta uko wazi, pandisha bomba la inchi moja na nusu kutoka sakafuni ndani ya ukuta hadi kimo cha sentimita 45 hadi 50 kutoka kwenye sakafu iliyokamilika, kisha uweke elbo inayotazama mbele, ili trapu iingie ukutani kwa ulalo. Kile kipande cha ulalo kiteremke kidogo, kama sentimita 2 kwa kila mita. Kisizidishwe mwinamo kwa kudhani kwamba maji yatakimbia vizuri zaidi, kwa sababu ukizidisha unarudi kwenye tatizo lile lile la kuvutwa kwa maji ya trapu.

Kwa sinki la kunawia lenye kabati la droo mimi hupendelea trapu ya chupa, kwa kuwa inachukua nafasi ndogo, kimo chake kinarekebishika, na kikombe chake cha chini kinafunguliwa kwa mkono pale nywele na sabuni zinapojikusanya. Jikoni nisingeiweka, kwa sababu mafuta na mabaki ya chakula yataijaza upesi. Angalia kimo cha maji yanayobaki ndani yake: trapu nzuri ya sinki huwa na milimita 75. Zipo za urembo zinazong'aa sana ambazo ndani hazibakizi hata nusu ya hapo, na katika nyumba ambayo watu husafiri wiki mbili maji hayo hukauka, harufu ikarudi. Ule mpira wenye mikunjo utupe pamoja na kipande cha chuma. Kila mkunjo wake ni kibakuli kidogo cha sabuni iliyooza.

Sasa tepu. Thredi tepu huwekwa pale ambapo thredi yenyewe ndiyo inayozuia maji, kama vile engo valvu, ile koki ndogo ya kufungia maji chini ya sinki, inapoingia kwenye elbo ya ukutani. Izungushe kwa kufuata upande ambao kiungo kitakazwa, la sivyo itajikunjua yenyewe unapokaza, na uivute ili izame kwenye mifereji ya thredi. Pale ambapo kuna washa ya mpira, kama kwenye nati za fleksibo na nati zote za trapu, tepu haina kazi, na mara nyingi inadhuru, kwa sababu inaifanya nati ionekane imekaza ilhali mpira haujabanwa. Silikoni ina nafasi moja tu katika kazi hii, nayo ni chini ya ukingo wa westi pale inapokaa kwenye sinki, tena kidogo, kisha uiache saa 24 kabla ya kumwaga maji. Ukimwona mtu anapaka silikoni kwenye nati ya trapu, ujue anaficha kitu.

Tafadhali pia hakikisha kwamba westi uliyonunua inalingana na sinki. Sinki lenye tundu la kupunguzia maji karibu na ukingo linataka westi yenye matundu ubavuni, na matundu hayo yatazame njia ya maji hayo. Sinki lisilo na tundu hilo linataka westi isiyo na matundu. Ukizichanganya, hakuna silikoni itakayokuokoa.

MamaWaSakina alijibu:

Mwalimu, mimi niko Arusha, na naandika ili usipitie niliyoyapitia. Miaka mitatu iliyopita nilifunga mwenyewe sinki la bafu la wageni, na kwa kweli nilijisifu sana. Makosa yangu yalikuwa mawili, moja dogo na moja kubwa, na lile dogo ndilo lililonifundisha zaidi.

Lile kubwa ni kwamba sikuweka engo valvu. Niliona zinaongeza gharama bila sababu ilhali valvu kuu ipo nje, nikaunga fleksibo moja kwa moja ukutani, tena zile za bei ya chini kabisa ambazo nati yake ni nyepesi mkononi kama kizibo cha soda. Mtaani kwetu maji huja kwa presha kubwa usiku, wakati watu wengi wamelala na hakuna anayeyatumia. Usiku mmoja wa Novemba nati ya fleksibo ilipasuka. Niliamshwa na sauti niliyoidhania kuwa ya mvua, nikajifunika vizuri na kuendelea kulala. Nilipokanyaga sakafu asubuhi, maji yalikuwa yameshafika kwenye zulia la sebuleni, na valvu ya nje haikufunga: ilikuwa ile ya gurudumu, inazunguka tu bila kukamata kitu. Kwa hiyo, mwalimu, kabla hujagusa chochote, jaribu kwanza kama valvu yako ya tangi inafunga kweli. Kama haifungi, ibadilishe kwa ile ya mpini, inayofungwa kwa robo mzunguko.

Lile dogo lilikuwa kwenye trapu. Nati zake ni za plastiki, nami nikazikaza kwa spana nikiamini kwamba kukaza ndiko kuzuia maji. Nati moja ilipasuka mstari mwembamba kama unywele, upande wa nyuma ambako sikuweza kuona. Haikumwaga maji, ilitoa tone moja kila mara sinki lilipotumika. Ubao wa kabati ulinyonya tone hilo kwa miezi mitano, ukavimba kama mkate, na nilikuja kujua pale mlango wa kabati ulipokataa kufunga. Tangu hapo nati za plastiki nazikaza kwa mkono tu, na nikishindwa kuzigeuza zaidi kwa vidole naongeza robo ya mzunguko kwa kitambaa, basi.

JiraniWaKibo alijibu:

Ndugu zangu, nawaheshimu, lakini naona mnamtisha mwalimu bure. Nyumba nyingi hapa mjini maji ya sinki hayaendi moja kwa moja kwenye shimo la choo. Yanapita kwanza kwenye gali trapu iliyo nje, ambayo ina maji yake yanayozuia harufu. Kwangu sinki halina trapu yoyote kwa miaka kumi na siumwi. Kwa nini aanze kuhamisha bomba la sakafuni ilhali fundi marumaru yuko mlangoni?

FundiWaNjoro alijibu:

JiraniWaKibo, hoja yako ina msingi, na ndiyo sababu wengi wanaishi hivyo bila kugombana na mtu. Gali trapu inazuia harufu ya shimo, hilo ni kweli. Haizuii harufu ya bomba lenyewe, lile la mita tatu au nne kati ya sinki na gali, ambalo ndani yake limepakwa utando wa sabuni, mate ya dawa ya meno na nywele. Utando huo unanuka wenyewe, na mende hawahitaji kutoka shimoni, wanakaa humo humo bombani. Mwalimu ametaja harufu ya alfajiri na mende juu ya miswaki. Hizo ni dalili zinazotosha.

Hata hivyo ni vema ajue maji yake yanaelekea wapi. Mwalimu, chukua bluu ya kufulia nguo, ikoroge kwenye ndoo ya maji, uimwage kwenye bomba la sakafuni huku mtu amefunua mifuniko ya nje. Ikionekana kwanza kwenye gali, uko salama zaidi. Ikitokea kwenye chemba (shimo la ukaguzi) ya choo bila kupita kwenye gali, basi kwa miaka yote hiyo bafu lenu limekuwa dirisha la shimo, na trapu ya chini ya sinki si jambo la kujadiliwa.

MkaziWaPasua aliandika:

Nawashukuru sana wote. Nimefanya jaribio la bluu jioni hii, mwanangu akiwa nje na tochi: rangi imetokea kwenye chemba ya choo. Nimemweleza mama. Alikaa kimya kidogo, kisha akauliza ni pesa kiasi gani ametumia kununua dawa za choo tangu mwaka tulipohamia, nami kwa mara ya kwanza nikaikataa hesabu.

Nimeamua kuhamisha bomba la maji machafu kama fundi alivyoelekeza, na nimempata kijana mwenye mashine ya PPR atakayekuja kesho kutwa. Yamebaki mambo mawili. Kwanza, elbo ya ukutani itakayopokea engo valvu niifunge usawa wa lipu au usawa wa nini, maana marumaru bado hazipo? Pili, kipimo cha presha: bafu langu linalishwa na tangi pekee, nalo liko juu ya mnara wa mita tatu hivi. Je, kuyaachia maji ya tangi na kuangalia kama kuna unyevu hakutoshi?

FundiWaNjoro alijibu:

Swali la elbo ni zuri, na wengi hulikumbuka wakiwa wamechelewa. Mdomo wa elbo uwe usawa wa uso wa marumaru iliyokamilika, si usawa wa lipu. Muulize fundi marumaru wako atatumia gundi ya marumaru au saruji, kwa sababu tofauti ni kubwa: marumaru ya ukutani ya milimita 8 ikibandikwa kwa gundi itaongeza sentimita moja na zaidi kidogo, lakini ikibandikwa kwa saruji kwa mtindo wa zamani inaweza kuongeza hata tatu. Chukua vipande viwili vya marumaru yenyewe, uvishikize ukutani kwa mchanganyiko huo huo pande zote mbili za elbo, uweke rula ya maji juu yake, kisha ufunge elbo ifikie rula hiyo. Elbo ikizama ndani, engo valvu haitashika thredi za kutosha na utalazimika kuweka nipo ya kurefushia, yaani kiungo kingine kilichofichwa. Ikitokeza nje, kile kikofia cha kufunika tundu hakitakaa. Elbo hizo pia zikazwe kwenye tofali kwa skrubu, wala zisishikwe na saruji peke yake, kwa sababu kila siku utakapofungua na kufunga engo valvu utakuwa unazinyonga.

Kuhusu presha, wewe ni mwalimu wa hesabu, kwa hiyo hili utalipenda. Kila mita kumi za kimo cha maji huleta takribani bar 1. Mnara wako wa mita tatu unakupa bar 0.3 tu, na presha hiyo haiwezi kufichua kiungo kilichochomwa vibaya. Kitakaa kimya hadi siku utakapoweka pampu ya kuongeza presha kwa ajili ya shawa, au utakapounga bafu moja kwa moja na maji ya mamlaka. Mwambie kijana wa PPR aje na pampu ya mkono ya kupimia, au aiazime. Funga plagi kwenye midomo yote ya elbo, jaza maji, toa hewa yote, kisha upige pampu hadi bar 10. Mwanzoni sindano itashuka kidogo, usishtuke: bomba la plastiki linatanuka likipata presha. Ongeza tena hadi bar 10, subiri saa nzima, na baada ya hapo sindano isiteremke tena kwa namna inayoonekana. Ikishikilia, acha usiku kucha ukitaka kulala vizuri. Piga picha ukuta ukiwa wazi, na futikamba imewekwa pembeni ya mabomba, ili siku utakapotoboa marumaru kwa ajili ya kioo ujue bomba linapita wapi.

Kabla hujafunga koki mpya ya sinki, fungua kila engo valvu kwa zamu ndani ya ndoo uyaache maji yakimbie. Vipande vya kutu, mchanga na mabaki ya PPR vitatoka hapo, badala ya kwenda kukwama kwenye katriji, ile sehemu ya ndani inayofungua na kufunga maji, ya koki yako mpya.

MamaWaSakina alijibu:

Naongeza neno moja kuhusu kupima chini ya sinki lenyewe. Usiamini macho wala kidole, kwa sababu mkono uliotoka kufanya kazi huwa na unyevu wake. Funga kipande cha karatasi laini ya chooni kuzunguka kila nati, jaza sinki hadi pomoni, liachie kwa mara moja, kisha uzikague karatasi. Karatasi iliyolowa hubadilika rangi hata kwa tone moja. Mimi huziacha zikae hapo usiku mzima.

MkaziWaPasua aliandika:

Narudi kutoa taarifa. Pampu ya mkono tuliazima kwa fundi mmoja wa Majengo. Mara ya kwanza sindano ilishuka kutoka bar 10 hadi 8 na nusu, tukaongeza, na baada ya saa moja ilikuwa pale pale; tuliiacha hadi asubuhi na haikuteremka kwa kiasi ambacho jicho langu linaweza kukiapia. Fundi marumaru alianza Alhamisi kama alivyoahidi, jambo ambalo mke wangu analitaja kuliko kazi yote ya mabomba. Ndoo ya kwanza kutoka kwenye engo valvu ilikuwa na maji ya rangi ya chai na vipande vya PPR vya kijani chini yake.

Jana nimefunga sinki, westi na trapu ya chupa. Nilizifunga karatasi sita kama Mama wa Sakina alivyoelekeza, nikajaza sinki, nikaliachia. Halikukoroma. Karatasi tano zilikuwa kavu, na ya sita, ile ya kiungo cha trapu na bomba la ukutani, ilikuwa na doa la ukubwa wa sarafu. Mkono ulitaka kwenda kwenye spana, nikauzuia. Nilipoifungua nati nilikuta ile washa yenye upande mwembamba na upande mnene nimeivalisha kinyume, upande mnene ukitazama ndani ya kiungo. Nimeigeuza, nimekaza kwa vidole, nimefunga karatasi mpya. Leo saa kumi na mbili asubuhi zote sita zilikuwa kavu, lakini kabati nimeliacha bila droo hadi Jumapili.